Lifti isiyo na chumba cha mashine: mota nzuri, mlango msumbufu, na fundi asiye na pa kusimama

Kwa jengo la ghorofa nne hadi kumi, siku hizi karibu kila muuzaji wa lifti ataweka mezani kitu kilekile: lifti ya kuvutwa kwa kamba ambayo mota yake imefichwa ndani ya shimo lenyewe linamopita kibanda, juu kabisa, bila chumba cha mashine kwenye paa. KONE walianza kuiuza mwaka 1996 kwa jina la MonoSpace, Otis wakaja na Gen2 mwaka 2000 wakitumia mikanda bapa badala ya kamba za duara, na leo kila kiwanda kikubwa kina ya kwake. Tathmini hii haichagui kiwanda. Inapima aina yenyewe, katika ukubwa unaonunuliwa sana: kilo 630, watu wanane, mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Kama mashine, inaishinda iliyoitangulia. Kama kitu cha kutunzwa kwa miaka ishirini na zaidi, uzuri wake unategemea mambo ambayo muuzaji hayaandiki kwenye kipeperushi.

Kinachostahili sifa ni mota. Katika lifti nyingi za zamani mota ilizunguka kwa kasi, kisha gia ikapunguza mwendo kabla ya kufika kwenye puli. Gia hiyo ilimeza theluthi ya nguvu au zaidi kwa msuguano, ikaigeuza kuwa joto ndani ya mafuta. Hapa gia haipo. Mota ya sumaku za kudumu imeshikana moja kwa moja na puli na inazunguka polepole. Kamba hupitishwa chini ya kibanda na kurudishwa juu, kwa hiyo kibanda kikisogea mita moja, kamba hupita mita mbili kwenye puli, na puli hubeba nusu tu ya uzito. Kwa puli yenye kipenyo cha milimita 240 hiyo ni mizunguko 160 hivi kwa dakika. Hakuna mafuta ya gia ya kubadilisha, hakuna sili ya kuvuja, na kelele inayofika kwenye vyumba vya ghorofa ya juu ni ndogo.

Ukubwa wa mota unaweza kuukagua mwenyewe kwa hesabu ya dakika mbili. Tuseme kibanda kitupu kina kilo 700. Uzani wa kusawazisha, ule unaoshuka kibanda kinapopanda, huwekwa kilo 700 pamoja na nusu ya mzigo, yaani 315, jumla 1,015. Kibanda kikijaa, tofauti ya pande mbili ni kilo 315. Kikiwa kitupu, tofauti ni hizohizo 315, ila sasa upande wa pili ndio mzito. Kuinua kilo 315 kwa mita 1 kwa sekunde kunahitaji kilowati 3.1, ongeza msuguano na hasara za umeme, unafika kwenye mota ya kilowati 4 au 5. Akija mtu na pendekezo la kilowati 11 kwa lifti ya ukubwa huu, ama hajapiga hesabu ama anakuuzia kilichobaki ghalani.

Sifa inayotiwa chumvi ni ile ya inveta (kifaa kinachoipa mota umeme na kupanga kasi yake) inayorudisha umeme kwenye jengo pale uzito unapoivuta mota. Ni kweli inarudisha. Lakini lifti ya ghorofa sita husimama sehemu kubwa ya siku, na muda wote huo taa za kibanda, feni, vionyeshi vya namba na bodi za kudhibiti zinaendelea kula umeme. Kwa lifti yenye safari chache, kusimama huko kunaweza kula zaidi ya safari zenyewe. Taka kwanza taa za LED zinazozima zenyewe na kontrola (ubongo wa lifti) inayolala baada ya dakika chache bila mwito. Mambo ya kurudisha umeme yaache kwa majengo marefu. Kiwango cha ISO 25745 hupanga lifti kuanzia A hadi G kwa kupima matumizi ya safari na ya kusimama, basi omba namba zote mbili, si herufi peke yake.

Hofu ya watu na hofu ya mafundi

Abiria huogopa kamba kukatika. Fundi anaogopa breki na mlango, na ana sababu.

Kamba huwa tatu au zaidi, na viwango vya Ulaya, EN 81-20 na EN 81-50, hutaka uwezo wake kwa pamoja uwe angalau mara 12 ya mzigo zinaoubeba. Hata zikikatika zote, bado kuna kidhibiti mwendo, ndugu wa spidi gavana ya basi, chenye kamba yake nyembamba ya peke yake. Kibanda kikishuka kwa kasi iliyozidi mwendo wake wa kawaida kwa asilimia 15 au zaidi kidogo, kidhibiti kinang'ata kamba hiyo, nayo inavuta kabari zilizo chini ya kibanda zinazobana reli. Wazo la kabari ni lilelile la Elisha Otis, aliyeamuru kamba ya jukwaa alilosimamia ikatwe hadharani mjini New York mwaka 1854. Ili kibanda kianguke kweli lazima mengi yaharibike kwa mpigo, kama ilivyotokea mwaka 1945 ndege ya B-25 ilipogonga Empire State Building na vipande vyake vikakata kamba za lifti. Mwendesha lifti Betty Lou Oliver alishuka ghorofa 75 namna hiyo, naye alipona. Hofu ya kuishiwa hewa haina msingi: kibanda si chupa, na viwango vinataka matundu ya hewa.

Sasa rudi kwenye zile kilo 1,015. Breki ikilegea na kibanda kikiwa na mtu mmoja tu, lifti haianguki. Inapaa, kwa sababu upande wa pili ni mzito. Kwenye mota yenye gia ya skrubu msuguano wa gia ulisaidia kushika. Kwenye mota hii hakuna kinachoshika ila breki. Ndiyo maana breki ziko mbili, kila moja ikiwa na nguvu ya kupunguza mwendo wa kibanda chenye mzigo kamili peke yake, na kontrola husoma swichi ndogo zinazosema kama kila breki imefunguka na kufunga. Uwazi kati ya kitambaa cha breki na ngoma ni chini ya nusu milimita. Ukiwa mdogo mno, breki inaburuta: utasikia mlio mwembamba lifti inapoondoka na harufu ya kuungua juu ya shimo. Ukiwa mkubwa mno, breki inachelewa kushika na lifti inagota inaposimama. Fundi anayelainisha sehemu za karibu na breki kwa kupulizia mafuta, afukuzwe.

Kamba nyembamba au mikanda

Kanuni ya kawaida inataka puli iwe na kipenyo cha mara 40 ya kamba. Kamba ya milimita 8 inahitaji puli ya milimita 320, ya milimita 6 inahitaji 240. Mkanda bapa, ambao ni nyaya nyembamba za chuma zilizofunikwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, unakubali puli ya milimita 100 hivi, na hapo mota nayo inakuwa ndogo. Mikanda haihitaji kulainishwa na ni kimya mno. Shida yake ni kwamba chuma hakionekani. Huwezi kuhesabu nyuzi zilizokatika, kwa hiyo hali yake hupimwa na kifaa cha umeme kinachosoma ukinzani wa nyaya za ndani. Kifaa hicho kikiondolewa, au kikizimwa kwa sababu "kinasumbua", unabaki na mkanda usiojua umri wake. Mafuta ni adui yake. Puli zisipokaa kwenye mstari mmoja, kingo za mkanda huanza kulika na unga mweusi unaanguka juu ya kibanda. Ukiuona unga huo, mwite fundi apange puli kabla ya kuagiza mkanda mpya, la sivyo utaagiza tena.

Kamba za chuma zinasema wazi zinapougua. Nyuzi zilizokatika hutokeza kama miiba. Vumbi jekundu kama la kutu linalotoka kati ya nyuzi ni dalili kwamba kamba imekauka ndani na nyuzi zinasagana. Kamba moja ikiwa imelegea kuliko wenzake, mfereji wake kwenye puli unachimbika tofauti, na hapo kubadilisha kamba pekee hakutoshi. Mkazo wa kamba usitofautiane kwa zaidi ya asilimia 5, na hupimwa upya miezi michache baada ya kufunga kamba mpya kwa sababu kamba mpya hunyooka. Kipimo cha utelezi ni rahisi: lifti ikiwa imesimama na imezimwa, fundi anachora alama ya chaki inayovuka kamba zote na puli, anaiendesha lifti tupu juu na chini mara moja, kisha anatazama alama zimeachana kiasi gani. Kamba iliyopakwa grisi kwa wingi ili "idumu" ndiyo inayoteleza kuliko zote.

Kama shimo lina nafasi ya puli kubwa, chagua kamba za milimita 8. Zinapatikana kwa wauzaji wengi na fundi yeyote mzuri anazisoma kwa macho. Mikanda ni kwa shimo lililobanwa juu na kwa jengo lenye uhakika wa mkataba wa matengenezo na kiwanda chenyewe.

Mlango ndio lifti

Waulize mafundi wanachoitiwa zaidi: ni mlango. Lifti ya ghorofa nane ina milango tisa, nane ya ghorofani na mmoja wa kibanda, na kila safari hufungua na kufunga jozi moja. Mota haina pa kuchakaa ukilinganisha na hapo.

Mlango wa ghorofani hauna mota yake. Kibanda kinapofika, kisu kilicho kwenye mlango wa kibanda kinaingia kati ya roli mbili za mlango wa ghorofani, kinafungua ndoano ya kufuli, na milango miwili inakwenda pamoja. Ndoano lazima iingie angalau milimita 7 kabla ya swichi ya umeme kukubali kwamba mlango umefungwa. Jengo likitulia kidogo, au mtu akisukuma mlango kwa kiti cha magurudumu, roli inasogea, ndoano inaingia milimita 6, na lifti inakataa kuondoka kwenye ghorofa hiyo moja tu. Mhudumu wa jengo anasema "lifti ina wazimu". Haina. Ghorofa ileile kila mara maana yake ni kufuli ya ghorofa hiyo. Ghorofa zozote bila mpangilio maana yake ni mlango wa kibanda, mkanda wa mota yake au pazia la mwanga.

Pazia la mwanga ni ile safu mbili za sensa kwenye kingo za mlango. Katika lifti inayofuata viwango vipya linalinda kuanzia karibu na sakafu hadi mita 1.6. Vumbi na alama za mkanda wa gundi vinatosha kulipofusha, na mlango ukishindwa kusoma unabaki wazi au unafunga polepole huku ukipiga kengele, kwa nguvu iliyopunguzwa. Lipanguse kwa kitambaa laini kikavu kila wiki. Hiyo ni kazi ya msafishaji, haihitaji fundi, na inapunguza miito kuliko kitu kingine chochote.

Kazi ya pili ya msafishaji ni mfereji wa kizingiti. Mchanga, kokoto, njiti za meno na vifuniko vya chupa hukaa humo, kiatu cha mlango, kile kipande cha chini kinachoteleza ndani ya mfereji, kinakwama, kontrola inajaribu kufunga mara kadhaa kisha inakata tamaa. Tumia brashi na mashine ya kufyonza vumbi. Ndoo ya maji isikaribie: maji ya deki yanapita kwenye kizingiti, yanatiririka juu ya kufuli za ghorofa ya chini na kuishia chini ya shimo, ambako kuna swichi za usalama na kebo.

Unaponunua, hapa ndipo pa kuongeza pesa. Acha dari ya nyota na kioo cha ukuta mzima, chukua milango ya daraja la juu: roli kubwa za kuning'inizia, kizingiti cha chuma badala ya alumini kama mizigo itapita, na mota ya mlango yenye enkoda, yaani kihisi kinachosoma mzunguko wake. Upana wa milimita 900 ni bora kuliko 800 kwa kila mtu, si kwa kiti cha magurudumu peke yake, kwa sababu watu wanaacha kugonga fremu na mabegi.

Fundi atasimama wapi

Huu ndio udhaifu mkubwa wa aina hii, na ni wa umbo lenyewe. Mota imefungwa juu ya reli, ndani ya shimo. Ili kuifikia, fundi anapanda juu ya kibanda, anakiendesha polepole kwa kitufe cha ukaguzi hadi chini ya mota, kisha anakifunga kwenye reli kwa pini ya chuma. Ikiwa kibanda kiko huru, kazi inakwenda vizuri. Ikiwa kabari zimebana reli ghorofa ya tatu na breki ndiyo yenye tatizo, mota iko juu na jukwaa la kusimamia halipo. Katika lifti yenye chumba cha mashine fundi yuleyule angepanda ngazi, akawasha taa, akasimama wima.

Kwa hiyo kagua vitu vitatu kwenye michoro kabla ya kusaini. Kwanza, ndoano juu ya shimo yenye uzito ulioandikwa, ya kuinulia mota siku itakapobadilishwa. Bila ndoano siku hiyo itakuwa ya kubomoa. Pili, njia ya hewa juu ya shimo. Viwango vinataka mahali pa mashine pabaki kati ya nyuzi joto 5 na 40, na shimo lililo chini ya paa la bati au zege linalopigwa na jua hupita 40 kwa urahisi. Inveta ikipata joto hujizima, na kapasita zake hufa mapema. Tatu, paa lisilovuja juu ya mota. Inaonekana ni jambo la mtoto kusema, lakini maji ya mvua juu ya enkoda ni bodi mpya.

Kontrola nayo mara nyingi huwekwa kwenye fremu ya mlango wa ghorofa ya juu, nyuma ya kifuniko chembamba chenye kufuli. Hapo inakutana na funguo za watu wote, maji ya deki na watoto. Pia hapo ndipo penye fumbo la nywila. Kontrola nyingine zinaonyesha hitilafu kwa maandishi kwenye kioo chake, kila fundi asome. Nyingine hazisemi kitu hadi uchomeke kifaa maalumu cha mtengenezaji. Lifti ya aina ya pili imekufunga ndoa na kampuni moja, bei ya matengenezo itapangwa na upande mmoja, na ukitaka kuachana nayo utabadilisha kontrola nzima. Tathmini hii inaipunguzia alama lifti yoyote ya namna hiyo, hata ikiwa kimya kiasi gani.

Umeme ukikatika

Lifti hii, ikiwa na betri ya uokoaji, inajipeleka yenyewe hadi ghorofa ya karibu, mara nyingi kuelekea upande mwepesi, inafungua mlango na kulala. Ni kifaa cha ziada kwenye mapendekezo mengi. Kichukue. Betri za risasi zilizofungwa hudumu miaka miwili hadi minne na joto la juu ya shimo hufupisha umri huo. Tarehe iandikwe juu ya betri kwa wino, na kila mwezi swichi kuu izimwe kibanda kikiwa katikati ya ghorofa mbili, kitupu, ionekane kama kinafika. Taa ya dharura iwake angalau saa moja, na simu ya kibanda ijibiwe na binadamu.

Bila betri hiyo kuna wenzo au kitufe cha kufungulia breki kwenye paneli ya ghorofa ya juu. Ni kazi ya aliyefundishwa, na mpangilio wake ni huu. Zungumza na walio ndani, wajue wasiguse mlango. Zima swichi kuu. Hakikisha milango yote ya ghorofani imefungwa. Fungua breki kwa vipindi vifupi, ukitazama taa ya paneli inayoonyesha kibanda kimefika usawa wa ghorofa. Sumaku za mota, waya zake zikiwa zimeunganishwa pamoja, huzuia kasi isizidi. Ndipo ufunguo wa pembetatu, ule maalumu wa kufungulia milango ya ghorofani kutoka nje, utumike kwenye mlango wa ghorofa hiyo.

Mtego ni huu: kukiwa na watu wanne ndani, karibu kilo 300, pande mbili zinalingana na ukifungua breki hakuna kinachosogea. Hapo inahitajika betri ya kusukuma mota, au vifaa vya kuongeza uzito upande mmoja, na mtu anayejua kuvitumia. Muulize muuzaji swali hili hasa. Jibu lake litakueleza mengi. Na kamwe mtu asitolewe kwa kuruka kibanda kikiwa juu ya sakafu ya ghorofa, kwa sababu chini ya kizingiti cha kibanda kuna ubao wa chuma wa sentimita 75, na ukipita urefu huo ni shimo tupu mgongoni mwake.

Wanachoharibu watumiaji na wapambaji

Kubonyeza juu na chini kwa pamoja hakuleti lifti haraka. Kunaisimamisha mara mbili, na mara ya pili hakuna anayeingia. Kubonyeza kitufe kilichowaka tayari hakubadilishi kitu. Kitufe cha kufunga mlango hupunguza sekunde chache pale kilipounganishwa, na katika majengo mengi muda wa mlango umewekwa ili asiye na kasi ya miguu aingie, kwa hiyo hakifanyi lolote hadi muda huo upite. Kuzuia mlango kwa boksi wakati wa kuhama ndiko kunakopinda kisu. Lifti nyingi zina ufunguo wa kushikilia mlango wazi. Mhudumu awe nao siku za kuhama.

Kilo 630 ni watu wanane wa kilo 75 kwenye sakafu ya mita 1.1 kwa 1.4. Kwa kawaida watu sita wanajisikia wamejaa. Kengele ya uzito hulia mzigo ukipita kwa asilimia 10 hivi, na inayolia kibanda kikiwa na watu wanne imepotea kipimo. Usimruhusu mtu "kuikata".

Kipimo hicho hupotea zaidi kwa sababu ya mapambo. Granaiti ya milimita 20 kwenye sakafu hiyo ina uzito wa kilo 83 hivi. Ziada ya uzani wa kusawazisha, iliyokuwa nusu ya mzigo, inashuka hadi asilimia 37, na mota iliyopangiwa kuinua tofauti ya kilo 315 sasa inainua 398. Lifti itaendelea kwenda, kwa joto zaidi na kwa kusimama vibaya. Ama mapambo yaandikwe kwenye oda tangu mwanzo, ama uzani uongezwe siku mapambo yanapoingia.

Nani asiinunue

Jengo la ghorofa mbili au tatu lenye safari chache linaweza kufaidika na lifti ya mafuta ya haidroliki. Ni ya polepole na inakula umeme inapopanda kwa kuwa kwa kawaida haina uzani wa kusawazisha, lakini uzito wote uko chini, na umeme ukikatika vali moja inakishusha kibanda. Jengo lenye wagonjwa au wapangaji wengi na paa lenye nafasi lingepaswa kuuliza bei ya lifti yenye chumba cha mashine kabla ya kuamua. Kwa wengine wote, hii ndiyo ya kununua, ikiwa na milango mizuri na kontrola inayosomeka.

Siku ya kukabidhiwa, mkandarasi alete mawe ya kupimia. Weka kilo 315 ndani na upime mkondo wa umeme wa mota ikipanda na ikishuka katikati ya safari: namba mbili zikaribiane. Kibanda kisimame ndani ya milimita 10 za sakafu kila ghorofa, kitupu na kikiwa na mzigo. Breki isimamishe kibanda kinachoshuka na asilimia 125 ya mzigo, na kila breki ijaribiwe peke yake. Malipo ya mwisho yasubiri hadi mezani kuwe na michoro ya nyaya, orodha ya namba za hitilafu na maana zake, nakala ya mipangilio ya kontrola na inveta, nywila ya ngazi ya fundi, kifaa cha kusomea kama kinahitajika, na funguo mbili za pembetatu zilizoandikwa jina la anayezitunza.